Maji ya Kunywa: Maangavu Si Lazima Yawe Salama



Ukimwuliza mtu yeyote, awe wa shamba au wa mjini, maji mazuri ni maji ya namna gani, atakujibu upesi kwamba ni maji maangavu, yasiyo na harufu, tena baridi. Jibu hilo lina busara yake, kwa kuwa maji yenye tope na uvundo hayamfai mtu. Lakini halitoshi. Maji yaweza kuwa maangavu kama kioo, tena matamu, na ndani yake mkawa na kitu cha kumwua mtoto kabla ya jua kuchwa. Yaweza pia kuwa na kitu kingine kisichoua leo wala kesho, ila huharibu meno na mifupa polepole kwa miaka mingi. Macho na ulimi ni mashahidi dhaifu katika shauri hili.

Leo nataka kusema nanyi juu ya vitu hivyo vinavyoingia katika maji ya watu wote, yaani maji ya mifereji, ya visima vya kijiji, na yale yanayouzwa kwa mitungi mitaani. Sitavitaja vyote, maana ni vingi. Nitavigawanya mafungu mawili tu, nayo nawaomba myashike. Kuna uchafu unaokufa kwa moto, na kuna uchafu ambao moto hauuwezi. Watu wengi wamefundishwa shuleni na zahanatini kuchemsha maji, nao wamefanya vyema kuyashika mafundisho hayo. Lakini wengi wao wadhani kwamba birika likitokota, kazi yote imekwisha. Wako watoto katika nchi hii wanaochukua alama ya dhana hiyo kinywani mwao, nami nitawaeleza habari zao baada ya kitambo kidogo.

Nianze na uchafu unaokufa kwa moto, yaani vijidudu. Hivi ni viumbe hai visivyoonekana kwa macho. Vile vinavyoleta kipindupindu na homa ya matumbo hutoka katika kinyesi cha binadamu. Vingine vinavyoleta kuhara hutoka kwa watu na kwa mifugo pia. Mnisamehe, wazee wangu na mama zangu, kwa kusema waziwazi, lakini jambo hili halisemeki kwa mafumbo. Mtu akishikwa na kipindupindu kwa sababu ya maji, maana yake amekunywa kinyesi cha mtu mwingine.

Ilichukua muda mrefu watu kusadiki neno hili, hata katika nchi zilizokuwa na matabibu wengi. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia katika mtaa mmoja wa London, na zaidi ya watu 500 wakafa kwa muda wa siku 10. Wakati huo wakubwa wengi walisema ugonjwa hutokana na hewa mbaya. Tabibu mmoja, Dr. John Snow, hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza kila mtu alikunywa maji gani, akaona kwamba wafu walikuwa wakiteka maji katika pampu moja iliyokuwa Broad Street. Maji ya pampu hiyo yalikuwa yakisifiwa kwa utamu wake. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa ule, aliyapenda hata akawa akiletewa chupa kila siku. Naye akafa, ingawa katika Hampstead hapakuwa na ugonjwa. Karibu na pampu palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanya kazi wapatao 70, wala hakufa hata mmoja, kwa sababu walipewa pombe ya kunywa na hawakuigusa pampu. (Nawaomba wanaume waliopo wasiirudishe habari hiyo nyumbani kama ushauri wa daktari.) Kisima kilipokaguliwa, ilionekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani, ambamo yalimwagwa maji yaliyofuliwa nguo chafu za mtoto mgonjwa, lilikuwa karibu futi 3 tu kutoka kisimani. Mtu aliyeyatazama maji yale katika bilauri asingeona kitu.

Ugonjwa huo haukukaa Ulaya peke yake. Mwaka 1869 na 1870 ulipita Unguja ukaua maelfu ya watu, na tabibu aliyekuwako huko, Dr. James Christie, aliandika kitabu kizima juu ya safari zake katika Afrika ya Mashariki. Katika Kenya ya siku zetu kipindupindu kilionekana mwaka 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi, ukaendelea mwaka uliofuata.

Basi tutazame jinsi mji unavyojilinda. Chukueni mfano wa Nairobi. Maji yake mengi hutoka katika bwawa la Ndakaini, katika Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, na mengine hutoka Sasumua, upande wa Kinangop. Maji ya bwawa hayaletwi moja kwa moja mjini. Yale ya Ndakaini hupitia Ng'ethu, mahali pa kusafishia. Kwanza hutiwa shabu, ambayo ni ya jamaa moja na lile jiwe jeupe la vinyozi. Shabu hukusanya chembe za tope zikashikamana, zikawa nzito, zikazama chini. Kisha maji hupitishwa katika machujio ya mchanga. Mwisho hutiwa klorini.

Watu wengi hulalamika juu ya harufu ya klorini. Mimi nasema, kama maji ya mfereji wako yana harufu kidogo ya dawa hiyo, shukuru. Mchanga na shabu hufanya kazi pale kiwandani tu, lakini klorini husafiri pamoja na maji ndani ya bomba, ikiua vijidudu vinavyoingia njiani. Ni mlinzi anayefuatana na mzigo mpaka mlangoni. Haihitajiwi nyingi. Maji yanayofika mferejini yafaa yawe yamebakiwa na kiasi cha miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa kila lita. Jersey City, katika Marekani, ulianza kutia klorini katika maji yake yote mwaka 1908, na miji mingine mingi ikafuata, na homa ya matumbo, iliyokuwa ikiwaua watu wao kila mwaka, ikapungua mno.

Lakini mlinzi akilala, nyumba huibwa. Walkerton ni mji mdogo wa Ontario, katika Kanada, wenye watu wapatao 5,000 tu, na watu wake walizoea kuyaamini maji yao. Mwezi wa Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, ikachukua samadi ya ng'ombe kutoka shamba moja mpaka katika kisima kifupi cha mji. Mkulima hakulaumiwa, kwa kuwa samadi yake aliitia kwa taratibu iliyo njema. Lawama iliwaangukia waliokuwa na kazi ya maji. Klorini haikutiwa ya kutosha, wala haikupimwa kila siku, ila vitabu viliandikwa hesabu za uongo kana kwamba imepimwa. Watu wapatao 2,300 waliugua, na 7 wakafa. Nimewaletea habari hiyo ya mbali kwa makusudi, ili mtu asidhani kwamba maji mabaya ni msiba wa nchi maskini tu. Hakuna mtambo uwezao kushinda kalamu ya mwongo.

Na klorini yenyewe haiwezi kila kitu. Mwaka 1993, katika Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 walishikwa na kuhara kwa ajili ya kijidudu kiitwacho kriptosporidia, chenye gamba gumu ambalo klorini hailipenyi. Kazi ya kukizuia ni ya machujio, na machujio siku zile hayakufanya kazi sawasawa. Moto, hata hivyo, hukiua.

Sasa natoka kiwandani, naingia katika bomba, na hapa ndipo maji ya miji yetu yanapoharibika zaidi. Bomba lililojaa maji yenye nguvu, hata likiwa na tundu, hutoa maji nje. Uchafu hauwezi kuingia. Lakini maji yakifungwa kwa mgawo, kama Nairobi ilivyofanya tangu Januari 2017 bwawa lilipopungua, bomba hubaki tupu, na lile tundu lililokuwa likitoa sasa huvuta. Kama bomba limepita katika mtaro wa maji machafu, huvuta maji ya mtaro. Siku ya mgawo ikifika, maji ya kwanza husukuma uchafu ule wote mpaka mferejini. Katika Kenya maji yanayopotea njiani, kwa kuvuja na kwa kuibwa, yamekuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yote yanayotolewa viwandani, tena kwa miaka mingi. Watu huyahesabu kama hasara ya fedha, nayo ni hasara kweli. Lakini kila mahali maji yanapotokea ni mahali ambapo uchafu waweza kuingilia. Yule kijana anayetoboa bomba usiku, akafunga kipira chembamba na kukipitisha mtaroni ili auze maji kwa mitungi, hamwibii mwenye kampuni peke yake. Huwafungulia mlango wagonjwa wote wa mtaa.

Kwa sababu hiyo, mfereji ukifunguliwa baada ya siku za ukavu, maji ya kwanza yasinywe. Yakingwe kwenye karai kwa kazi ya kuosha sakafu au kumwagilia mboga, mpaka yatoke maangavu. Hata hapo yatiwe dawa au yachemshwe.

Wenzetu wa shamba watasema, sisi hatuna bomba, tuna chemchemi, na maji yake hutoka katika mwamba. Ni kweli, maji ya chemchemi iliyojengewa vizuri huwa na vijidudu vichache. Katika Busia wataalamu walizifuata chemchemi zipatazo 200 kwa miaka kadhaa, na habari zao zilitolewa mwaka 2011. Waliona kwamba chemchemi ikijengewa kwa saruji na kuwekewa bomba la kutekea, uchafu wa kinyesi katika maji hupungua kwa asilimia 66. Hiyo ni kazi njema sana. Lakini walipoyapima maji hayo hayo nyumbani, ndani ya mitungi, walikuta uchafu umepungua kwa asilimia 24 tu. Faida nyingine ilipotelea wapi? Ilipotelea njiani na nyumbani. Ilipotea katika debe lililosuguliwa kwa majani ya pembeni ya kijito, katika mtungi usio na kifuniko, na zaidi ya yote katika kata au kikombe ambacho kila mtoto huchovya pamoja na vidole vyake.

Basi chombo cha maji ya kunywa kiwe na mdomo mwembamba na kifuniko. Kikiwa na mfereji mdogo chini yake ni vizuri zaidi. Mikono haiingii kabisa, na ugomvi wa kila siku na watoto hupungua. Maji humiminwa, hayachotwi.

Juu ya kuchemsha, napenda kuondoa mzigo mmoja mabegani mwa akina mama. Zamani wengi tuliambiwa maji yatokote dakika 10 au 20. Si lazima. Maji yakitokota kwa nguvu, na mapovu makubwa yakapanda kutoka chini, dakika moja yatosha. Wanaokaa juu sana, kama Kinangop au Limuru, ambako maji hutokota kabla hayajapata moto kamili, na wangoje dakika tatu. Makaa ni ghali, wala hayafai kuchomwa bure. Yapoe ndani ya chombo kile kile, na kifuniko chake juu. Asiye na kuni za kutosha atumie dawa ya klorini iuzwayo madukani, akifuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na angoje nusu saa kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, maana tope huwaficha vijidudu wasifikiwe na dawa. Tena kuna jua. Katika Kajiado watoto wa Kimasai walipewa chupa za plastiki zilizojazwa maji na kulazwa juani kutwa, na habari zilizotolewa mwaka 1996 zilionyesha kwamba kuhara kulipungua kati yao. Chupa iwe haina rangi, isizidi lita 2, na maji yasiwe na tope. Siku ya mawingu huhesabiwa nusu, kwa hiyo ilale siku mbili.

Hayo yote ni ya vijidudu. Sasa nitageukia fungu la pili, nalo ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kusema leo.

Bonde la Ufa limetokana na moto wa chini ya ardhi, na miamba yake ni ya volkano. Katika miamba hiyo mna kitu kiitwacho floraidi. Maji ya mvua yanaposhuka chini na kukaa miaka mingi kati ya mawe, huiyeyusha floraidi wakachanganyika. Ikiwa kidogo haidhuru, na hata husaidia kukaza meno. Ndiyo sababu hutiwa katika dawa za meno. Lakini ikizidi ni sumu ya polepole. Shirika la Afya la Dunia limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, nao ndio mpaka wetu pia. Visima vingi virefu vya upande wa Nakuru, Naivasha na Elmentaita vimeupita mpaka huo, na baadhi ya visima virefu vya Nairobi pia. Maji ya visima hivyo kwa kawaida ni maangavu na yanapendeza kunywa, na vijidudu ni vichache au hakuna kabisa. Kwa macho ndiyo maji bora kuliko yote.

Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu mtoto angali mchanga mpaka apate miaka 8 hivi. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, meno huota na madoa meupe, kisha hugeuka rangi ya kahawia, na mengine humeguka. Jino likisha kujengwa vizuri, maji hayo hayaligeuzi rangi tena. Ndiyo maana mtu aliyehamia Nakuru akiwa mkubwa hubaki na meno meupe, akawatazama wenyeji na kusema kwamba hawapigi mswaki. Huo ni uonevu. Kijana aliyenyimwa tabasamu lake na maji ya utotoni hana kosa lolote, na mswaki hauwezi kuondoa kitu kilicho ndani ya jino. Na maji yakiwa na floraidi nyingi zaidi, yakinywewa kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Maungo huuma, mgongo hukakamaa, na katika hali mbaya kabisa mtu hulemaa.

Sasa fikirini juu ya yule mama mwangalifu niliyemtaja mwanzo. Kila jioni huchemsha maji ya kisima. Tuseme ana lita 2 zenye miligramu 2 kwa kila lita, jumla miligramu 4. Akayasahau motoni mpaka yakabaki lita moja. Maji yamepanda kwa mvuke, lakini floraidi haipandi, imebaki yote. Sasa ana lita moja yenye miligramu 4. Ameua vijidudu, ndiyo, lakini ameizidisha sumu nyingine mara mbili, na kwa bidii yake mwenyewe. Ni sawa na mpishi anayepunguza mchuzi wenye chumvi nyingi kwa kuuacha motoni. Akichemsha kwa dakika moja tu hazidishi sana, lakini hapunguzi hata chembe.

Dawa yake ni nini? Iliyo rahisi ni kutafuta maji mengine kwa ajili ya kunywa na kupikia, na kuyaacha yale ya kisima kwa kufua na kuoga, kwa sababu floraidi haiingii mwilini kwa ngozi. Maji ya mvua hayana floraidi. Hata yakiwa machache yaweza kuchanganywa. Debe moja la maji yenye miligramu 3, likichanganywa na debe moja la mvua, hutoa madebe mawili yenye 1.5, na hapo tumefika mpakani. Ikiwa tangi la mvua ni dogo, watoto walio chini ya miaka 8 na wapewe kwanza. Baba aliye na meno yake tayari anaweza kungoja.

Njia nyingine ni chujio la mifupa. Nakuru ndiko lilikojulikana zaidi, kwa kazi iliyoanzishwa na Dayosisi ya Kanisa Katoliki huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo mpaka iwe kama makaa, husagwa ikawa chembe, kisha maji hupitishwa humo taratibu. Floraidi hushikwa na mfupa, kama inavyopenda kushikwa na mifupa yetu sisi. Wako wanaochukizwa na habari ya mifupa, lakini iliyochomwa sawasawa haina nyama wala mafuta wala harufu. Shida yake ni nyingine. Chujio hujaa. Baada ya muda huacha kushika, na maji hutoka maangavu vile vile kana kwamba hakuna lililotokea. Asiyepima hawezi kujua.

Floraidi si peke yake katika fungu hili. Kisima kilichochimbwa karibu na choo cha shimo, au kando ya shamba litiwalo mbolea nyingi, huwa na nitrati, ambayo humzuia mtoto mchanga asipate hewa ya kutosha katika damu yake mpaka midomo ikawa ya samawati. Hiyo nayo haiondoki kwa moto. Desturi nzuri ni kuacha mita 30 kati ya kisima na choo, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Katika Bangladesh maelfu kwa maelfu ya visima vya bomba vilichimbwa kuanzia miaka ya 1970 ili watu waache maji ya madimbwi, na kuhara kulipungua. Miaka ya 1990 ndipo ilipotambulikana kwamba vingi vilikuwa na arseniki, sumu ya mawe, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuipima.

Na kuna risasi, ambayo aghalabu haitoki chini ya ardhi wala chooni, bali katika vyombo vya maji vyenyewe. Aprili 2014 mji wa Flint, katika Marekani, uliacha maji uliyokuwa ukinunua Detroit, ukaanza kutumia ya mto wake ili kupunguza gharama. Maji ya mto yalikuwa makali kwa madini, na ile dawa ya kuyazuia yasile mabomba haikutiwa. Mabomba ya zamani ya risasi yakaanza kulika. Wenyeji walilalamika juu ya rangi na harufu, wakaambiwa maji ni mema. Mwezi wa Septemba 2015 tabibu wa watoto, Dr. Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwamba risasi imeongezeka katika damu ya watoto, na mwezi uliofuata mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Risasi huharibu akili ya mtoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Sisi mabomba yetu mengi ni ya chuma na plastiki, lakini mifereji ya shaba ya rangi ya njano na maungio ya zamani huweza kuwa na risasi. Kwa hiyo maji yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba yasitumiwe kwa uji wa mtoto. Na mvua isikingwe kutoka bati lililopakwa rangi ya zamani.

Mtaniuliza, ikiwa macho hayaoni na moto hautoshi, mtu afanye nini? Afanye lile ambalo wenye mali hufanya kwa ng'ombe na kwa gari, yaani apime kabla ya kununua. Kisima kipya kikichimbwa, iwe ni cha shule, cha kanisa, cha msikiti au cha kikundi cha akina mama, mchimbaji asilipwe fedha yake ya mwisho mpaka karatasi ya maabara iwe mezani, na katika karatasi hiyo itajwe floraidi. Nimeona sherehe nyingi za kufungua visima, zenye nyimbo na utepe na hotuba ndefu kuliko hii yangu, na mara chache sana nimeona karatasi hiyo ikisomwa. Floraidi na ndugu zake hazibadiliki upesi, basi kupima mara moja mwanzoni na tena baada ya muda hutosha. Vijidudu hubadilika kwa mvua moja, kwa hiyo maji ya watu wengi lazima yapimwe mara kwa mara.

Kwa maji ya mfereji, wajibu huo ni wa kampuni ya maji, nanyi mnayo haki ya kuiuliza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imeweka halmashauri ya kuzisimamia kampuni hizo. Ulizeni maneno mawili mepesi. Klorini mferejini kwetu ilikuwa kiasi gani mwezi uliopita? Na katika mililita 100 za maji yetu palipatikana vijidudu vya kinyesi vingapi? Jibu la swali la pili lapaswa kuwa sifuri. Mkijibiwa kwamba maji ni mema tu, bila hesabu, mwambieni Bwana Afya wa eneo lenu.

Anayetaka kupeleka maji yake maabara asichukue chupa ya soda aliyoiosha mwenyewe. Kwa kipimo cha vijidudu aombe chupa ya maabara iliyochemshwa, asiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko, aache mfereji utoke kwanza, kisha ajaze, aandike mahali, siku na saa, aiweke mahali pa baridi na kuifikisha siku ile ile. Kwa floraidi chupa safi ya plastiki yafaa, isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale yatakayopimwa.

Sasa niko tayari kujibu maswali. Namwona mzee mmoja pale nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mifupa ya ng'ombe. Karibu, mzee, uanze wewe.